Maktaba za utafiti zinaungana: kumbukumbu zetu zitakuwa wapi?

Tarehe 15 Juni 2025 ilitimia miaka 550 tangu Papa Sisto IV alipoipa Maktaba ya Kitume ya Vatican muundo wake rasmi. Takribani robo karne kabla yake, Papa Nikolao V alikuwa amekwisha kukusanya vitabu vya Kilatini na Kigiriki kwa nia kwamba viwafae wasomi wote, wala visibaki mali ya Papa peke yake. Hata hivyo, kwa karne nyingi nia hiyo njema ilikuwa na mpaka. Aliyetaka kusoma alipaswa kusafiri hadi Roma, akiwa na barua ya utambulisho na fedha za kumtunza huko kwa majuma au miezi. Mwalimu wa seminari wa Songea au Bukoba aliyehitaji ukurasa mmoja tu wa hati ya kale angeweza kustaafu bila kuuona.

Leo mwalimu huyo anaweza kuufungua ukurasa huo katika kompyuta yake bila malipo, ilimradi ana umeme na intaneti. Haya ni mabadiliko makubwa, na yana sura mbili: teknolojia mpya kwa upande mmoja, na ushirikiano kati ya maktaba kwa upande mwingine. Watu wengi huitazama ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini ushirikiano ndio ulio mzito zaidi, kwa maana unaigusa maana yenyewe ya maktaba. Zamani maktaba ya utafiti ilipimwa kwa wingi wa vitabu ilivyovimiliki. Sasa inapimwa pia kwa kile inachowashirikisha wengine. Badiliko hilo linatuhusu sisi waamini wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu katika meza hii mpya tunaalikwa kula, na pia kuleta chakula chetu.

Vitabu vya vita vinakutana tena

Maktaba ya Vatican inatunza hati za mkono takriban 80,000, zenye kurasa zinazokadiriwa kufikia milioni 40. Hakuna taasisi moja inayoweza kuzipiga picha zote kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka 2012 maktaba hiyo iliungana na Maktaba ya Bodleian ya Oxford, kwa msaada wa Mfuko wa Polonsky, ili kuweka katika mfumo wa kidijitali kurasa milioni 1.5 kutoka maktaba zote mbili. Mwaka 2014 ikafuata makubaliano na kampuni ya NTT DATA ya Japani, yaliyoanza na lengo la hati 3,000 katika miaka minne. Leo zaidi ya hati 20,000 zinasomeka bila malipo.

Hata namna ya kuzihifadhi picha hizo ni tunda la ushirikiano. Maktaba ya Vatican ilichagua muundo wa faili uitwao FITS, uliobuniwa na wataalamu wa elimu ya nyota na kutumiwa na NASA kutunza picha za anga. Miundo mingi ya faili hubadilika kadiri kampuni zinavyobadilisha bidhaa zao, kiasi kwamba faili la leo laweza kushindikana kufunguliwa baada ya miaka thelathini. Muundo huu uko wazi kwa wote, na umetengenezwa ili faili za zamani ziendelee kusomeka. Hivyo elimu ya nyota imeikopesha maktaba ya Mapapa njia ya kulinda maandiko ya wamonaki wa zama za kati.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka Heidelberg, Ujerumani. Mwaka 1622, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, majeshi ya upande wa Wakatoliki yaliuteka mji huo. Maktaba yake mashuhuri, Palatina, ikatolewa zawadi kwa Papa Gregori XV. Mwaka uliofuata vitabu vilivushwa milima ya Alpi juu ya migongo ya baghala, katika visanduku karibu mia mbili. Mwaka 1816 hati 847 za Kijerumani zilirudishwa Heidelberg, lakini zile za Kilatini, karibu 2,000, zilibaki Roma. Kwa karibu karne mbili maktaba hiyo iliishi ikiwa imegawanyika.

Tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Heidelberg na Maktaba ya Vatican wamekuwa wakizipiga picha hati hizo za Kilatini mjini Roma kwenyewe. Msomaji anaweza sasa kuziona za Roma na za Heidelberg pamoja, kana kwamba ziko katika rafu moja. Jambo lililoanza kwa upanga halikuhitaji upanga mwingine ili kutengenezwa. Hakuna upande ulioshindwa, na msomi wa Dar es Salaam au Kinshasa, ambaye hakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi ule, naye amepata faida.

Watawa na vitabu vya jirani

Mfano wa pili unaonesha kwamba ushirikiano huu unaweza kuokoa kile ambacho vita ingekiteketeza. Mwaka 1965 Wabenediktini wa Abasia ya Mtakatifu Yohane, huko Collegeville katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walianza kupiga picha hati za mkono za monasteri za Austria katika filamu ndogo. Vita vikuu viwili vilikuwa vimewafundisha jinsi maktaba inavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja, na dunia ilikuwa inaogopa silaha za nyuklia. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilifika Ethiopia, ambako maelfu ya hati za Kanisa la Kiorthodoksi zilipigwa picha katika kipindi kigumu cha mapinduzi.

Kutoka hapo kazi ilifika Iraki. Huko Mosul, Padre Mdominikani Najeeb Michaeel alikuwa ameanzisha mwaka 1990 kituo cha kuhifadhi hati za Makanisa ya Mashariki, kituo ambacho baadaye kilishirikiana na watawa wa Collegeville. Mwaka 2014, wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu walipokaribia, padre huyo na wenzake walizihamisha hati walizoweza kuzibeba hadi Erbil. Nyingine hazikuwahi. Baadhi ya hati zilizokuwa zimepigwa picha katika eneo lile hazijulikani zilipo hadi leo, na picha ndiyo iliyobaki. Padre huyo, tangu mwaka 2019, ni Askofu Mkuu wa Wakaldayo wa Mosul.

Watawa hao hawakuishia kwenye vitabu vya Kikristo. Nchini Mali, mwaka 2012, wapiganaji walipouteka mji wa Timbuktu, Abdel Kader Haidara na wenzake walizisafirisha kwa siri hadi Bamako hati nyingi mno za familia za Kiislamu, zikiwa zimefichwa katika masanduku kwa magari na kwa mitumbwi. Tangu mwaka 2013 Wabenediktini wamekuwa wakishirikiana nao kuziweka hati hizo katika mfumo wa kidijitali. Watawa Wakatoliki wanatunza kumbukumbu ya jirani zao Waislamu, na wenye hati hizo wamewaamini. Majadiliano ya kidini yana sura nyingi, na hii ni mojawapo isiyopigiwa tarumbeta.

Tuangalie pia masharti ya kazi hiyo, maana yana funzo kwetu. Hati yenyewe haiondoki mikononi mwa mwenye nayo. Mwenyeji hupata nakala ya picha zote, na haki zake juu ya mali yake zinaheshimiwa. Katika karne ya kumi na tisa msomi wa Ulaya alikuja, akaona, akachukua. Sasa kitabu kinaweza kubaki nyumbani huku elimu yake ikisafiri.

Mlango ulio wazi una gharama

Haitakuwa haki kuzisifu habari hizi bila kutaja upande wake mgumu. Kwanza ni bei. Majarida mengi ya kisayansi yanamilikiwa na kampuni chache kubwa, na ada zake zinavishinda vyuo vingi vya kwetu. Kwa sababu hiyo maktaba zimelazimika kuungana ili kununua pamoja. Tanzania ina umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti uitwao COTUL, na Kenya ina umoja wa namna hiyo uitwao KLISC, ulioanzishwa mwaka 2003. Kimataifa, mpango uliozinduliwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani, ambao leo ni sehemu ya Research4Life, unazipatia taasisi za nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu. Kinachowasaidia wanyonge hapa ni umoja wao. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanauita mshikamano.

Mwaka 1991, katika Waraka wake Centesimus annus, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba zama zetu zimeleta umiliki wa aina nyingine, wenye uzito usiopungua ule wa ardhi: umiliki wa maarifa, teknolojia na ujuzi. Ikiwa ni hivyo, basi kanuni ya kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wote inayahusu pia maarifa. Muuguzi wa hospitali ya kijijini anayehitaji utafiti mpya kuhusu malaria asizuiliwe na ukuta wa malipo.

Pili ni udhaifu wa mitambo. Mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza mjini London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni. Katalogi yake haikupatikana kwenye mtandao hadi Januari 2024, na huduma nyingine zilichelewa zaidi. Vitabu vilikuwapo katika rafu zake, lakini njia ya kuvifikia ilikuwa imekatwa. Maktaba inayotegemea mtambo mmoja, mahali pamoja, imejenga juu ya mchanga.

Tatu ni akili unde, ambayo wengi huiita akili mnemba. Mjini Roma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma Tre wameifundisha kompyuta kusoma mwandiko wa karne ya kumi na tatu katika nyaraka za Vatican, na waliosaidia kuitayarisha ni wanafunzi wa sekondari waliotambua maumbo ya herufi moja baada ya nyingine. Hiyo ni kazi njema. Lakini hati ya Vatican Antiqua et nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025, inakumbusha kwamba akili hiyo ni zao la akili ya binadamu na haiwezi kuchukua nafasi yake, na inaonya kwamba inaweza kumpa mwanafunzi habari za kubuniwa akaziamini. Mashine husema kutokana na kile ilichopewa. Kama maandishi yetu hayamo, itamweleza kijana wetu habari za babu zake kwa kutumia yale yaliyoandikwa na wageni peke yao.

Kumbukumbu zetu ziko wapi?

Hapa ndipo swali linapofika kwetu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Sehemu kubwa ya nyaraka za shirika hilo iko Chevilly, kusini mwa Paris. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Tabora mwaka 1878, na hifadhi yao kuu iko Roma. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walitoka Sankt Ottilien, Ujerumani, na huko pia ziko nyaraka zao. Katika shajara na barua hizo yamo majina ya wakatekumeni wetu wa kwanza, watumwa waliokombolewa, makatekista waliotembea siku nyingi kwa miguu, njaa, vita na magonjwa. Nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa na Kijerumani. Mjukuu wa katekista yule akitaka kujua habari za babu yake, safari yake ni ndefu kuliko ya msomi wa Paris.

Mashirika hayo yametunza vizuri, na tunayashukuru. Tungeweza kuzungumza nayo kwa amani, kama Heidelberg ilivyozungumza na Roma, ili picha za nyaraka zinazohusu majimbo yetu zifike nyumbani. Lakini kabla ya kudai zilizo mbali, tutazame zilizo sakristiani. Yako madaftari ya ubatizo na ya ndoa, kumbukumbu za vikao vya halmashauri za parokia, barua za makatekista, picha za majengo ya kwanza, na nakala za magazeti ya zamani ya Kanisa, kuanzia Rafiki Yangu la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hadi Kiongozi. Adui zake ni mchwa, unyevu, panya, paa linalovuja, na mikono isiyojua thamani yake. Tusidhani kwamba hatari hii ni ya maskini tu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka mlimani uliunguza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu vyake kuhusu Afrika ikawa majivu.

Kuna atakayeuliza kwa haki: zahanati ya parokia haina dawa za kutosha, shule haina madawati, kwa nini tuhangaikie makaratasi ya zamani? Jibu liko katika maisha ya kila siku. Msichana anayetaka kufunga ndoa anahitaji cheti cha ubatizo, na cheti kinatoka daftarini. Parokia yenye mgogoro wa mpaka wa kiwanja inahitaji hati ya mwaka kilipotolewa. Kanisa lenyewe linahitaji karatasi ili kutambua watakatifu wake. Mashahidi wa Uganda walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964 kwa sababu ushuhuda wa watu waliowafahamu ulikusanywa na kuandikwa. Mchakato wa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ulioanzia Jimbo la Musoma, nao unategemea nyaraka na ushuhuda. Jumuiya isiyo na kumbukumbu iliyoandikwa inaweza kuwa imezaa mtakatifu, ikashindwa kumthibitisha.

Tunaloweza kufanya

Sheria ya Kanisa ilitangulia teknolojia katika jambo hili. Kanuni ya 491 inamtaka Askofu ahakikishe kwamba nyaraka za makanisa ya jimbo lake, zikiwemo za parokia, zinatunzwa kwa uangalifu, na kwamba zinaandaliwa orodha katika nakala mbili, moja ikae katika kanisa husika na nyingine katika hifadhi ya jimbo. Kanuni ya 535 inaagiza madaftari ya zamani ya parokia yatunzwe vilevile. Nayo Tume ya Kipapa ya Urithi wa Utamaduni wa Kanisa ilieleza mwaka 1997 kwamba nyaraka hizo zina kazi ya kichungaji, kwa kuwa zinahifadhi alama za hatua za Mungu kati ya watu wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji daftari na kalamu: kila parokia iandike ina nini, cha mwaka gani, na kiko katika hali gani. Orodha hiyo ikifika jimboni, itajulikana kipi kinaelekea kuharibika na kipigwe picha kwanza. Kamera ya kawaida, mwanga mzuri, mtu mwenye subira na utaratibu wa kuyapa mafaili majina unatosha kuanzia. Nakala ziwekwe mahali pasipopungua pawili, palipo mbalimbali, ili moto au wezi wa mtandao wasiweze kufuta vyote kwa mara moja.

Hatua ya pili ni kushirikiana. Jimbo moja haliwezi peke yake kulipia seva, wataalamu na mafunzo. Majimbo jirani, seminari kuu, vyuo vikuu vya Kikatoliki na vya umma vinaweza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na maktaba kubwa mpya tangu mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, na wakutubi wake ni watu wa kuombwa ushauri. Kila makubaliano na mfadhili au taasisi ya nje yawe ya maandishi, na yaseme wazi: hati inabaki nyumbani, nakala kamili inabaki jimboni, na matumizi ya kibiashara hayafanyiki bila idhini.

Hatua ya tatu ni busara. Si kila kitu kinafaa kuwekwa hadharani. Madaftari ya ubatizo na ndoa yana siri za watu walio hai, mathalani wazazi, watoto waliozaliwa nje ya ndoa na sababu za vizuizi. Hayo yapigwe picha kwa ajili ya usalama, yafungiwe, na yatolewe kwa mwenye haki tu. Kufungua milango ya elimu hakuondoi wajibu wa kulinda heshima ya mtu.

Waamini walei nao wana sehemu yao. Katika nyumba nyingi yamo masanduku yenye daftari la babu aliyekuwa katekista, picha ya kundi la kwanza la Kipaimara, au barua ya mmisionari. Wazee wanapofariki, masanduku hayo husafishwa na vilivyomo huchomwa na takataka. Kabla ya kuchoma, mwulizeni paroko. Halmashauri ya parokia inaweza kuchagua watu wawili, mzee anayewafahamu wahusika na kijana anayefahamu kompyuta, wakaketi pamoja na kuandika nyuma ya kila picha ni nani walio humo na ni mwaka gani.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na baridi ikikaribia, alimwomba Timoteo amletee vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Hakuona kuwa ni jambo dogo, hata kifo kikiwa karibu. Maktaba za dunia zinaunganishwa sasa, na viwango vyake vinawekwa sasa, pamoja nasi au bila sisi. Majimbo yetu yanaweza kuanza mwaka huu kwa ile orodha yenye nakala mbili ambayo sheria ya Kanisa inaitaka.